Ini Likiwa Gumu, Damu Yapita Wapi?

Usiku mmoja wa mwezi wa tatu, mwaka 2019, mtoto wa kaka yetu alipiga hodi nyumbani kwetu hapa Kindu. Alikuwa amevuka Lualaba gizani kutoka Alunguli, peke yake katika mtumbwi, naye hakuwa na umri wa kuvuka hivyo. Alisema tu, "Papa anatapika damu," akakaa chini mlangoni.

Wasomaji wapendwa, kaka yetu huyo alikuwa mvushaji. Kwa miaka zaidi ya ishirini aliwavusha watu wa Alunguli waendao sokoni, shuleni na misioni, akawarudisha jioni pamoja na vikapu vyao. Alikuwa na mikono ya mpiga kasia, minene kama magogo. Lakini usiku ule tulipomwinua, mikono ile ilikuwa myembamba kama ya mtoto, na tumbo lilikuwa kubwa kama la mama aliye karibu kuzaa. Beseni lilikuwa kando yake. Hatutaeleza yaliyokuwamo.

Majirani walikuwa wamekwisha jaa uani, na kila mmoja alikuwa na maneno yake. Maana ugonjwa haukuanza siku ile. Tangu miezi mingi tumbo lilikuwa likivimba. Kisha mishipa ilionekana chini ya ngozi, minene, ya buluu, ikijikunjakunja kuzunguka kitovu. Watu wakasema, "Ametiwa nyoka tumboni." Nyoka huyo akapewa mwenyewe: bibi mmoja mzee, mjane, aliyewahi kugombana na kaka kwa ajili ya nauli. Baadaye kaka akaanza kulala mchana na kukesha usiku, akisema maneno yasiyo na mwisho, akimwita mke wake kwa jina la marehemu mama yetu. Hilo likaitwa pepo. Na sasa damu hii ikaitwa sumu, iliyotiwa katika pombe ya matanga. Basi mtu mmoja alikuwa na wachawi watatu, na vijana wawili walikuwa tayari wakitafuta kiberiti ili waende kwa yule bibi.

Nasi je? Tusijifiche nyuma ya majirani. Sisi tuliopata elimu ya seminari hatukusema nyoka wala pepo, ila tulikuwa na hukumu yetu wenyewe nayo ilikuwa neno moja: lotoko. Tulikuwa tumesikia kwamba ulevi huharibu ini, jambo ambalo ni kweli. Tukaona tumbo, tukakata shauri. Jumapili mbili kabla ya usiku ule tulikuwa tumewafundisha waamini juu ya ulevi, na macho yetu hayakuondoka katika benchi alilokaa kaka yetu. Yeye alitusikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Hatukumwuliza hata mara moja anywaje.

Tulimvusha usiku uleule, yeye aliyevusha watu wote. Hospitalini walimtia damu, mifuko miwili, mmoja kutoka kwa shemeji na mwingine kutoka kwa kijana mmoja wa wale wenye kiberiti. Siku ya tatu, alipokuwa amepata fahamu, daktari alikuja akakaa juu ya kitanda chake. Alikuwa kijana, labda mdogo kuliko sisi.

"Papa," akasema, "wewe ni mtu wa mto. Maji ya Lualaba yatoka wapi, yaenda wapi?"

Kaka akajibu taratibu kwamba yatoka kusini, yapita Kongolo, yafika hapa kwetu, yashuka mpaka Ubundu, na baada ya hapo ni maporomoko tu hata Kisangani.

"Vema. Sasa mtu akiumwaga mlima mzima wa mawe na udongo pale Ubundu, mto ukazibwa, maji yataingia wapi?"

"Yatarudi kwetu," akasema kaka. "Yatajaza kila kijito. Yataingia katika mipunga, kisha katika nyumba."

"Ndivyo ulivyo wewe. Ubundu yako ni ini."

Tueleze jambo hili polepole, kwa kuwa ndilo lililotufanya tushike kalamu. Twajua sote kwamba moyo husukuma damu mwilini, na kwamba damu ikiisha kufanya kazi hurudi moyoni. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake husukuma kama litri 5 kila dakika. Lakini damu itokayo tumboni, katika matumbo, katika bandama na katika kongosho hairudi moyoni moja kwa moja. Kwanza hukusanyika katika mshipa mmoja mnene na kuingia katika ini. Mshipa huo, kwa Kilatini tulichofundishwa seminarini, ni vena portae, yaani mshipa wa mlango. Waliouita hivyo walikuwa na akili. Ini ni kama ofisi ya forodha: sehemu kubwa ya chakula kilichoyeyushwa yapita humo, sumu yaondolewa, sukari yawekwa akiba, na ndipo damu yaruhusiwa kwenda moyoni. Kila dakika ini hupokea kama litri moja na nusu ya damu, na robo tatu ya hiyo huja kwa njia ya mlango huo. Robo iliyobaki huletwa na mshipa mwingine utokao upande wa moyo.

Sasa ajabu yenyewe ni hii. Damu nyingi hivyo yapita katika ini bila kusukumwa kwa nguvu, maana ini zima ni laini kama sifongo, lina vinjia vidogo visivyohesabika. Tofauti ya msukumo kati ya mlango wa ini na mahali damu inapotokea haizidi milimita 5 za zebaki, na kumbuka kwamba mkononi daktari hupima kama 120. Ni mto wa maji matulivu.

Lakini ini likiumizwa mwaka hata mwaka, iwe kwa ulevi, iwe kwa homa ya ini, iwe kwa mafuta yaliyozidi, hufanya kama ngozi iliyochomwa na moto: huweka kovu. Kovu juu ya kovu, na katikati ya makovu ini hujaribu kumea upya kwa vinundu vinundu. Lile sifongo lageuka kuwa jiwe lenye mabonge. Mfaransa René Laennec, ndiye yule aliyebuni mwaka 1816 chombo cha kusikilizia kifua, aliliona ini la namna hii likiwa na rangi ya kimanjano. Mwaka 1819 akaupa ugonjwa jina kutokana na neno la Kigiriki la rangi hiyo, na mpaka leo waganga wanauita sirosisi. Rangi si kitu. Kitu ni kwamba vinjia vimebanwa, na hata vile vilivyobaki hujikaza vyenyewe. Damu yafika mlangoni, haipati nafasi, na nyuma yake nyingine yaja.

Hapo ndipo msukumo hupanda. Ukifika milimita 10, damu yaanza kutafuta njia za kando. Ukifika 12 na kupita, njia hizo zaweza kupasuka.

Daktari alitaka kutumia mfano wa gari moshi. Alisema bidhaa zikifika Ubundu hushushwa na kupakiwa katika reli mpaka Kisangani, kilomita 125, kwa sababu ya maporomoko, na damu nayo hushuka ikashika njia nyingine kufikia moyo. Kaka yetu alitikisa kichwa. "Daktari, reli ilijengwa kwa mizigo ile. Lakini vijito vyangu havikujengwa kubeba mto." Daktari akacheka, akakubali kwamba mgonjwa amesema vizuri zaidi yake. Ndiyo kweli. Mishipa midogo iliyo chini ya umio, yaani njia ya chakula inapoingia tumboni, ni vijito. Damu ya mlangoni ikipitishwa humo, huvimba kama kamba nene chini ya ngozi nyembamba, na siku moja yapasuka. Ndiyo ile damu ya beseni. Hakuna aliyeitia sumu pombe ya matanga.

Kijito kingine hupita karibu na kitovu. Tulipokuwa tumboni mwa mama zetu, mshipa wa kitovu uliingiza damu katika ini, na baada ya kuzaliwa ukafungwa. Damu iliyokosa njia huirudia njia hiyo ya utoto, ikaijaza mishipa ya ngozi ya tumbo. Daktari akaweka kidole juu ya yule nyoka wa bibi mzee, akambonyeza, akamwachia. Tukamwona akijaa tena damu, kutoka kitovuni kwenda nje. Tulimtazama shemeji. Alikuwa analia, na sisi koo lilikuwa limekauka.

Nayo bandama, kwa kuwa damu yake haitoki vizuri, huvimba, ikazishika chembe zile zinazoziba majeraha. Na ini lenyewe, lililo mtengenezaji wa vitu vya kugandisha damu, limechoka. Basi mtu huyu ana mishipa iliyo karibu kupasuka, tena damu yake ni nzito kuganda. Mambo hayo mawili yakikutana, beseni lajaa.

Na pepo wa usiku? Katika matumbo, chakula kinapooza, hutoka sumu, mojawapo huitwa amonia. Ini zima huisafisha. Lakini damu iliyopita kando haikusafishwa na mtu, yapanda nayo mpaka katika ubongo. Mtu hulala mchana, hukesha usiku, husahau majina, na ukimwambia anyooshe mikono, viganja vyapepea kama mabawa. Damu ikivujia tumboni, mambo huzidi, maana hata damu hiyo huoza kama chakula. Kaka alipewa sharubati ya laktulozi ya kumwendesha choo mara mbili tatu kila siku, na baada ya siku nne alimwita mke wake kwa jina lake. Pepo alitoka kwa njia isiyo ya heshima, lakini alitoka.

Liko jambo moja ambalo hatukulielewa siku ile, ikatubidi kurudi kumwuliza daktari mara ya pili. Tuliona kwamba viganja vya kaka ni vyekundu na vya moto, moyo wake wapiga upesi, lakini kipimo cha mkononi chaonyesha 90 tu juu. Tena tumbo lina maji ndoo nzima, miguu imevimba, naye daktari asema mishipa yake yaona ukame. Yawezekanaje mtu kuwa na mafuriko na ukame kwa wakati mmoja?

Ni hivi. Ini likibanwa, mishipa ya matumbo hulegea na kutanuka, na baadaye mishipa ya mwili mzima. Kutanuka huko kwaongeza damu inayokwenda kugonga mlango uliofungwa, yaani mwili wajizidishia taabu. Tena chukua maji ya mtungi mwembamba, uyamimine katika sufuria pana. Maji ni yaleyale, lakini yaonekana machache. Ndivyo damu ilivyo katika mishipa iliyotanuka. Moyo wakimbia ili kuijaza. Nazo figo, ambazo kazi yake moja ni kulinda kiasi cha maji, zaona sufuria imepungua, zadhani mwenyewe ametoka jangwani. Zaanza kushika chumvi na maji, hazitoi. Lakini maji hayo hayakai katika mishipa. Kwa sababu ya msukumo mkubwa ndani ya ini na mlangoni pake, yavuja, yakaingia tumboni. Figo zaona bado pamepungua, zashika tena. Kadiri zinavyotii, ndivyo tumbo linavyojaa.

Tulipoelewa hayo tulikumbuka jambo lililotutia uchungu. Wiki mbili kabla ya usiku ule kaka alipelekwa katika kituo kimoja kidogo kwa sababu ya udhaifu, na mtu wa huko, kwa nia njema, alimtundikia serumu ya maji ya chumvi, chupa mbili za litri. Kila litri ina gramu 9 za chumvi. Mgonjwa wa namna hii haifai apate zaidi ya gramu 5 kwa siku nzima, pamoja na zilizo ndani ya chakula. Tumbo lilipanda kesho yake. Wakasema bibi mzee amepita nyuma ya nyumba.

Basi akakatazwa makayabu. Msomaji asiyekaa Kongo hawezi kujua adhabu hiyo ni ya namna gani. Akakatazwa pia vidonge vya kukoleza mchuzi, akapewa dawa ya kupunguza maji, na nyingine iitwayo propranololi, ambayo hupunguza mbio za moyo na kukaza mishipa ya matumbo, ili damu ifikayo mlangoni ipungue. Mwaka 1981 Didier Lebrec na wenzake wa Ufaransa walionyesha kwamba dawa hiyo huzuia damu isirudi kutoka. Ni kidonge cha bei ndogo. Tulimpa saa yetu ya mkono, naye kila asubuhi akahesabu mapigo yake kama mtu anayehesabu abiria. Kufunga mishipa ya umio kwa mipira midogo, ambako ni bora kukifuatana na kidonge hicho, kulihitaji chombo chenye kamera na safari ya mbali. Hatukuweza.

Sasa chanzo. Daktari alituuliza juu ya pombe, tukajibu upesi mno, naye akamgeukia mgonjwa mwenyewe. Kaka alisema hunywa bia siku za sikukuu na malafu akipewa. Lotoko haimpendezi, maana mvushaji mlevi huwazamisha watoto wa wenzake. Kisha daktari akafikiria kichocho, kwa kuwa mtu huyu ametia miguu mtoni maisha yake yote. Kichocho cha matumbo kipo hapa Maniema. Minyoo yake hukaa katika mishipa ya matumbo, na mayai yake huchukuliwa na damu mpaka katika ini, yakaziba vinjia vya mlango. Huleta tumbo lilelile na damu ileile, ingawa nyama ya ini yenyewe hubaki nzima muda mrefu. Wakapima choo, hawakuona mayai. Wakapima damu. Ilikuwa homa ya ini ya aina B.

Kidudu hicho kilitambuliwa na Mmarekani Baruch Blumberg na wenzake katika miaka ya 1960, naye akapata tuzo ya Nobel mwaka 1976. Katika nchi zetu watu wengi hukipata wakiwa wachanga, wakati wa kuzaliwa kutoka kwa mama, au wakicheza na kujikwaruza pamoja na watoto wenzao. Hukaa miaka thelathini au arobaini bila kusema neno. Ndiyo maana daktari akatutazama na kuuliza, "Mama yenu ni mmoja?"

Alikuwa mmoja. Tulikuwa watoto watano. Tulipimwa sote, akapatikana kaka na mwingine mmoja. Huyo mwingine ndiye anayeandika habari hii. Hatujawahi kunywa lotoko hata tone, na kama tumbo letu lingalivimba kabla ya la kaka, tungalisema nini juu ya katekista?

Kaka alirudi Alunguli baada ya wiki tatu. Tulimwomba msamaha uani kwake, mbele ya shemeji. Akasema, "Mdogo wangu, mafundisho yale yalikuwa mazuri. Uliangalia benchi lisilo lake, basi." Halafu alijikokota mwenyewe mpaka kwa bibi mzee, akafunua tumbo, akamwambia, "Mama, tazama nyoka wako. Ni damu yangu imepotea njia." Wengine waliamini. Wengine wanasema hata leo kwamba daktari alipewa mbuzi.

Aliishi miaka mitatu na miezi minne tena, akinywa vidonge vyake pamoja na tenofoviri ya kuzuia kidudu, na hakutapika damu tena. Mwaka 2022 mgongo ulimwuma. Mtu mmoja muuza dawa alimchoma sindano za diklofenaki siku tano. Sindano hizo haziwafai watu hawa, maana figo zao, katika ukame ule tuliousema, zina vinjia vilivyofunguliwa kwa shida, na dawa hiyo huvifunga. Mkojo ulipungua, ukakoma. Alikufa mwezi wa saba.

Sisi ini letu bado ni laini. Kila miezi sita twapimwa damu na kutazamwa kwa mashine ya picha. Pombe ya harusi twampitishia jirani. Mke wetu hakuwa na kidudu, akachanjwa, na watoto walipata chanjo zao katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kama watoto wote wanavyotakiwa kupata. Tukienda Alunguli kufundisha, twavushwa na yule mtoto aliyekuja gizani, sasa ni kijana. Hutoza kila mtu nauli, hata sisi baba yake mdogo. Bibi mzee peke yake hupanda bure, maana ndivyo marehemu alivyoagiza, naye hukaa mbele kabisa na kikapu chake.